Chatu Aliyemmeza Brigedia

Usijisumbue kuitafuta Jamhuri ya Shukrani katika ramani uliyosomea shuleni. Ni nchi ndogo, yenye amani, na watu wake wamejaliwa adabu kuliko jirani zao wote. Kule raia haombi kitu kabla hajashukuru. Ni sheria. Ukifika hospitali unashukuru kwanza kwamba ipo, ndipo unaambiwa dawa hakuna. Daraja likisombwa na maji, watu wa ng'ambo zote mbili husimama ukingoni wakashukuru kwamba liliwahi kuwapo. Anayeshukuriwa ni mmoja tu, rais wao, ambaye kwa sababu hiyo huitwa Mtukufu Mshukuriwa.

Mtukufu alikuwa na tausi. Ndege huyo alizunguka kwenye nyasi za Ikulu akiburura mkia, na kwa kuwa alipiga kelele kila alipomwona mgeni asiye na miadi, alipewa cheo cha brigedia, pamoja na mshahara na askari wa kumpigia saluti. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Brigedia hakuonekana gwarideni. Walipomtafuta walimkuta chatu amelala chini ya ua wa michongoma, tumbo limevimba katikati, na unyoya mmoja wa kijani na buluu umechomoza pembeni mwa mdomo.

Chatu alipigwa risasi na kikosi kizima. Brigedia alizikwa kwa heshima zote za kijeshi akiwa ndani ya chatu, kwa kuwa madaktari wa jeshi hawakuafikiana mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Kabla ya adhuhuri redio ilikwisha kutangaza kwamba nchi imo vitani.

Ndipo alipoitwa Daktari Siwema Mkangala.

Siwema alikuwa mtaalamu wa chatu wa Wizara ya Maliasili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vilivyochakaa kwa tope. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika Bonde la Mitete, akiwafuatilia chatu kwenye matete na kwenye mashimo yaliyoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji wa usiku. Alikuwa na desturi ya kusema ukweli, lakini kwa sauti ya chini. Desturi hiyo ndiyo iliyomweka kazini, maana sauti ya chini haifiki meza kuu.

"Daktari," alisema Waziri wa Maliasili, Mheshimiwa Mbwembwe, mbele ya kamati ya vita, "tuambie udhaifu wa adui."

"Mheshimiwa, chatu hana sumu. Chakula chake kikubwa kule bondeni ni panya na ndezi. Akimeza ndezi mmoja aliyenona, anaweza kukaa majuma bila kula tena. Jike huchukua miaka kabla ya kutaga, na akitaga huyaatamia mayai mwenyewe, hali kitu mpaka yaanguliwe. Tukiwaua wakubwa, hawatarudi upesi. Panya wao hawangoji."

Waziri alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Hiyo ni sayansi, na tunaishukuru. Sasa tuzungumze uzalendo. Panya amewahi kummeza ofisa wa jeshi letu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi."

Kamati ikapiga makofi. Siwema alichukua mkoba wake ili atoke, na Katibu Mkuu, aliyeketi kando yake, akamshika mkono. "Kaa, dada yangu. Ukitoka, kiti hicho atakikalia mjinga. Ukiwa ndani utapunguza madhara."

Yalikuwa maneno matamu, na Siwema akakaa. Akapunguza madhara kweli. Katika tangazo la serikali palikuwa na neno "kuangamiza". Alipendekeza liandikwe "kudhibiti", na pendekezo lake likapita bila kupingwa.

Operesheni Kisasi cha Brigedia ilianza kiangazi. Kila kijiji kilitakiwa kutoa chatu. Kijiji kilichokosa chatu kilitoa kifutu, kilichokosa kifutu kilitoa kenge, na kimoja, kilichokuwa kwenye miamba mitupu, kilileta bomba la maji lililopakwa rangi, kikasifiwa kwa juhudi. Ngozi zilikusanywa kama ushahidi. Ushahidi huo ulipelekwa kwenye kiwanda cha shemeji yake Waziri, kilichoitwa Ngozi na Heshima, na kiangazi hakikuisha kabla wakuu wote wa wilaya hawajavaa ushahidi miguuni. Haikuwa siri. Katika Jamhuri ya Shukrani siri huwekwa kwa mambo madogo.

Siwema alipoona orodha ya vijiji imefika Mitete, alipanda gari la wizara akaenda mwenyewe.

Kule bondeni palikuwa na chatu jike mmoja mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote aliopata kuwaona, aliyekuwa akiatamia ndani ya shimo la muhanga kando ya shamba la mahindi. Mwenye shamba alikuwa mjane, Chausiku Ndimbo, mtu wa maneno machache na mkono mzito. Aliishi na mjukuu wake, Mwajabu, msichana aliyeanza shule mwaka ule ule, ambaye mama yake alifariki akimzaa.

"Shikamoo, bibi," Siwema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mtu wako. Yuko pale, anaota jua."

Kweli alikuwa mdomoni mwa shimo, ngozi imekuwa nyeusi kwa siku nyingi za kuatamia, amejilaza akilinywa joto. Siwema alijua kitakachofuata. Akishapata joto la kutosha angerudi ndani polepole, ajizungushe juu ya mayai na kuwagawia wanawe jua alilolibeba mwilini. Alikuwa amekonda mpaka mgongo umechongoka. Siwema alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi, na bado kila alipoliona alisimama kulitazama mpaka mwisho.

"Unampenda?" Siwema alimuuliza Chausiku.

"Nimpendee nini? Mwaka juzi alinilia mbuzi." Chausiku alitema mate pembeni. "Lakini tangu ahamie hapo, kihenge changu hakijatobolewa. Anayekulindia chakula humkagui sura."

Hawakumaliza mazungumzo. Msafara wa Waziri uliingia shambani ukipita juu ya mahindi, magari ya televisheni mbele, vijana wa operesheni nyuma na kamba na ndoana. Siwema alikimbia akasimama baina yao na shimo.

"Mheshimiwa, huyu anaatamia."

"Vizuri sana," alisema Waziri akishuka. "Tumempata na jeshi lake la akiba."

Chatu mwingine angekimbilia kwenye matete. Huyu alirudi ndani akajikaza juu ya mayai, kwa hiyo kumtoa hakukuwa kazi ya ushujaa. Walimvuta kwa ndoana, naye akatoka na mayai mengine yamenatana ubavuni. Walimpiga kwa mashoka. Alipotulia kabisa, Waziri alisogea, akashika ncha ya mkia kwa vidole viwili, akapigwa picha. Halafu akayakanyaga mayai. Mpiga picha alisema mwanga haukuwa mzuri, basi Waziri akasogea upande wa pili akayakanyaga yaliyobaki. Baadhi yalikuwa karibu kuanguliwa, na kilichotoka ndani kilijipinda juani.

Mwajabu alikuwa ameuficha uso kwenye kanga ya bibi yake.

Mtangazaji alimgeukia Siwema na kipaza sauti. "Mtaalamu wetu, waeleze wananchi."

Siwema alifungua kinywa. Waziri alikuwa akimtazama, na Katibu Mkuu pia, kwa jicho la kumsihi. "Alikuwa jike," alisema. Hayo tu ndiyo aliyoyasema. Televisheni ilimshukuru kwa maelezo ya kina.

Panya walikuja na mavuno. Kwanza walikata mabua shambani, kisha wakaingia vihengeni, kisha wakaingia ndani ya nyumba na kula sabuni, ngozi za ngoma na visigino vya watu waliolala. Ndezi walifyeka miwa na mtama kama wenye mikataba. Wizara ya Chakula ilitamka kwamba hakuna panya nchini. Magazeti yalipoonyesha picha, Wizara ilifafanua kwamba wale ni "walaji wadogo", na kwamba idadi yao ni ishara ya wingi wa chakula.

Ukosefu wa chakula ulipokithiri, Mtukufu aliwahurumia watu wake. Yaliletwa magunia ya mahindi ya msaada, kila gunia likiwa na picha yake akitabasamu. Kisha, kwa huruma ile ile, ikaletwa sumu ya panya. Kiwanda cha Ngozi na Heshima, baada ya ngozi kuisha nchini, kilikuwa kimegeuka kampuni ya pembejeo, nacho ndicho kilichoiagiza. Sumu yenyewe ilikuwa mahindi yaliyolowekwa dawa. Na kwa kuwa magunia matupu yenye picha yalibaki mengi, yakatiwa sumu.

Siwema aliyaona magunia hayo ghalani. Mkutanoni alisema kwamba watu watakufa.

"Hoja nzuri," alijibu Waziri Mbwembwe. "Lakini unataka tuitoe picha ya Mtukufu kwenye mali ya serikali? Nani atakayeitoa? Wewe?"

Mkutano mzima ukatazama meza. Katibu Mkuu alimnong'oneza kwamba suala hilo litaangaliwa katika kikao kijacho, kwamba cha msingi ni yeye kuwamo.

Shuleni Mitete watoto walifundishwa kwamba mahindi yenye picha ya Mtukufu ni ya kula. Mwajabu alikuwa mwanafunzi msikivu. Mchana mmoja, bibi yake akiwa shambani akiokota mahindi yaliyosazwa na panya, alilikuta gunia lile nje ya ofisi ya kijiji, akachota viganja viwili, akaenda kuyakaanga kwenye kigae. Aliyala yote, maana alikuwa na njaa, na alimbakizia bibi kidogo kwenye kibakuli.

Chausiku alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mlangoni aliambiwa atoe shukrani kwanza. Alizitoa, haraka haraka, maneno yakigongana. Alipomaliza, mganga alimpokea mtoto, akamweka mezani, kisha akamfunika.

Serikali ilituma jeneza. Lilikuwa la mtu mzima, lenye picha kwenye kifuniko, na pamoja nalo alikuja mkuu wa wilaya kupokea shukrani za familia. Chausiku hakuzitoa. Mkuu wa wilaya alisubiri, akakohoa, mwishowe akajishukuru mwenyewe kwa niaba ya marehemu. Mwajabu alizikwa pembezoni mwa shamba, nyuma ya nyumba.

Watu walipotawanyika Siwema alibaki amesimama. Chausiku alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele.

"Mwanangu, ulijua kwamba yale mahindi ni sumu?"

"Nilijua, bibi."

"Ulisema?"

"Nilisema. Mkutanoni."

Chausiku alijipangusa udongo wa kaburi mikononi. "Mimi sikuwa mkutanoni," alisema.

Siwema alirudi mjini na maneno hayo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Alikusudia kuacha kazi, ila wizara ilimtangulia. Huko ughaibuni watu walikuwa wamesikia kwamba chatu wa Shukrani wamekwisha, wakahuzunika, na huzuni ya ughaibuni huja na ufadhili. Katika muda wa juma moja serikali iligundua kwamba imekuwa ikimpenda chatu siku zote. Chatu akatangazwa Nembo ya Uvumilivu wa Taifa. Waziri Mbwembwe alilia hadharani.

"Ni nani," aliuliza kwenye televisheni, akiwa amevaa viatu vyake vya ngozi ya chatu, "ni nani aliyewamaliza viumbe hawa wasio na hatia? Ni wanavijiji. Kwa ujinga wao na mashoka yao."

Bonde la Mitete likatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Chatu. Watu wake, kwa kuwa ni hatari kwa chatu, wakaamriwa kuhama. Daktari Siwema Mkangala akateuliwa Mkurugenzi wa Hifadhi.

"Umeona?" Katibu Mkuu alimwambia akimpa mkono. "Uvumilivu umelipa. Sasa utawalinda."

"Watu je? Nao nitawalinda?"

"Mkurugenzi anahusika na chatu, dada yangu. Watu wana idara yao."

Alikubali. Alijiambia kwamba akiwa na cheo atazuia kuhamishwa kwa watu, au angalau atauchelewesha uhamisho huo. Asubuhi aliyoripoti kazini, idara ya watu ilikuwa imekwisha kufika na malori. Nyumba zilichomwa mpaka jioni, na watu wakamwagwa kandokando ya barabara kuu, kwenye kokoto. Siwema alipiga simu wizarani mpaka sikio likauma. Kila aliyepokea alimpongeza kwa uteuzi.

Kisha ikaja mvua, na siku ya ufunguzi. Lango lilijengwa la mawe, na juu yake chatu wa saruji aliyepakwa rangi. Wageni wa ughaibuni walikuwa njiani na Waziri. Siwema alisimama langoni kwa sare mpya iliyombana kwapani, pamoja na Koplo Njelu na askari wake.

Kabla ya wageni, alikuja Chausiku. Alikuwa amefuatana na wanawake wa Mitete, kila mmoja na jembe begani. Hawakuwa na haraka.

"Kiingilio," alisema Koplo Njelu.

"Naenda kupalilia kaburi la mjukuu wangu. Mvua imeanza, majani yatalifunika."

"Sawa, mama. Wewe utahesabiwa mtalii wa ndani, bei yenu ni nafuu." Koplo hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyofundishwa. "Na kaburi lenyewe limo kwenye vivutio. Msiliharibu."

Siwema alilisikia neno hilo, vivutio, na kitu ndani yake, kilichokuwa kimejikunja miaka yote kikingoja joto, kikajinyoosha.

"Njelu, fungua."

"Siwezi, Mkurugenzi. Lango ni la kampuni."

"Kampuni ipi?"

"Utalii na Heshima."

Siwema hakuuliza tena. Alilishika bomba la chuma lililokingama langoni kwa mikono miwili, akalisukuma juu. Lilikuwa zito, likamteleza, likamkwaruza kiganja, akalisukuma tena mpaka likasimama wima. Wanawake wakaingia mmoja mmoja. Chausiku alipopita aliitazama ile damu, akampa ncha ya kanga yake ajifute.

Waziri na wageni waliwakuta kaburini wakipalilia. Waziri alitabasamu. "Hawa ni wadau wetu wa kijamii. Mkurugenzi, waonyeshe wageni chatu."

"Hakuna chatu," alisema Siwema.

Alishangaa kuisikia sauti yake. Ilikuwa kubwa, ilivuka shamba, ikagonga kwenye matete na kurudi.

"Hakuna hata mmoja. Wa mwisho alikuwa kwenye shimo lile, akiatamia. Huyu bwana aliushika mkia wake baada ya wengine kumuua, akakanyaga mayai mara mbili kwa sababu ya picha. Mmoja kati yenu akiinama atawaona chatu wa bonde hili miguuni mwa bwana huyu. Panya wakala chakula, wao wakaleta sumu ndani ya magunia ya chakula. Nilijua. Nilisema kwa sauti ya chini, ndani ya chumba, na mtoto yuko hapa chini. Hawa hawakuua chatu. Hawa ndio walioishi naye."

Mkalimani wa serikali aliwageukia wageni, akatafsiri: "Mkurugenzi anatoa shukrani." Wageni wakapiga makofi. Mmoja wao, mtu mwenye uso wa huruma, akauliza kama inaruhusiwa kupiga picha na bibi mwenye jembe.

Wanawake wote walipelekwa kituoni kwa lori moja, pamoja na Siwema na sare yake. Sajini Chilewa, mkuu wa kituo, hakupata sheria inayokataza kuinua lango, basi akawashitaki kwa kosa la kutoshukuru, ambalo dhamana yake ni nyepesi: mshitakiwa hutoa shukrani, akaenda zake.

"Anza wewe, bibi," alimwambia Chausiku. "Sema asante utoke, mvua hii mtu anapanda."

"Ya nini?"

"Nini ya nini?"

"Hiyo asante. Ni ya nini? Niambie, nami nitaitoa. Sitaki kudaiwa na mtu."

Hakuwa akimdhihaki. Alisubiri jibu kwa uso mtulivu, kama mtu aliyekuja dukani. Sajini alitazama dari, akatazama dirisha lisilo na kioo, akatazama gunia lake la unga lililotobolewa kwenye pembe.

"Ya amani," alisema mwishowe.

"Ilipita lini?" Chausiku aliuliza.

Wanawake hawakucheka. Sajini alimgeukia Siwema kana kwamba anaomba msaada. "Daktari, wewe ni msomi. Mfundishe."

"Nangoja umjibu," alisema Siwema, kwa ile sauti yake mpya. "Ya nini?"

Basi wakarudishwa mahabusu. Kila asubuhi Sajini alikuja kuomba asante, na kila asubuhi aliulizwa swali lile lile, kwanza na wao, kisha na wezi wa kuku chumba cha pili, kisha na walevi. Swali likatokea kwenye lile dirisha lisilo na kioo, likawakuta wanawake wa sokoni wakipanga mboga. Siku chache baadaye, kwenye kisima cha serikali, msimamizi aliwaambia watu waliopanga foleni washukuru kabla ya kuchota. Mwanamke wa mbele aliiweka ndoo yake chini taratibu, akajifunga kanga kiunoni vizuri, akamuuliza ya nini. Msimamizi akatazama nyuma ya mwanamke yule kutafuta mwingine asiyeuliza, akaona foleni nzima imeweka ndoo chini, inasubiri aseme.